Mzee wa nyuki na kijana wa mizani: namna ya kuwafanya wafundishane

Ukitaka mzee wa nyuki amfundishe kijana, usimsimamishe mbele ya ubao. Kwenye vikundi vya wafugaji nyuki vya Sikonge, Uyui na Kaliua, mkoani Tabora, tumeliona hili tena na tena: mzee ambaye porini hakosei, ukimkalisha kiti cha mbele ukamwambia "mzee wetu, tueleze kuhusu nyuki", atasema mawili matatu ya jumla, atawausia vijana waache uvivu, basi. Si kwamba anaficha. Anachokijua kiko mikononi, na mikono isiposhika kitu hakitoki. Vivyo hivyo kijana aliyetoka Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa Tabora: mpe nafasi ya kuwahutubia wazee juu ya ubora wa asali, watamsikiliza kwa adabu, kisha kila mmoja atarudi kwenye utaratibu wake. Mwekee mizani na ndoo, mambo yanabadilika.

Kwa hiyo sisi tunaopanga kazi za makambi tumeachana na semina za kukaa. Tunapanga watu watatu watatu: mzee mmoja na vijana wawili. Kijana mmoja anashika bomba la moshi (kifaa cha kuwapulizia nyuki moshi), mwingine anashika ndoo na kisu, mzee ndiye anayeingiza mkono. Mzinga wa pili wanabadilishana, wa tatu mzee anasimama nyuma na kijana anaingiza mkono. Wakizidi hapo hakuna anayejifunza. Watu sita kwenye mti mmoja ni kelele, ni mitikisiko ya shina, na mmoja akichomwa, harufu inayotoka kwenye mwiba (inanukia ndizi mbivu, ukizoea utaitambua) inawaita nyuki wengine, na somo linaishia watu kutimua mbio.

Kazi ianze mapema, kabla ya kurina, yaani kuvuna asali. Tabora tunarina mara mbili kwa mwaka. Msimu mkubwa ni kuanzia Mei hadi Julai mvua zikishakatika, na sehemu kubwa ya asali yake inatokana na mti wa muba unaochanua mvua zikiwa bado zipo. Msimu mdogo ni Novemba na Desemba, baada ya miti ya mitundu na jamaa zake kutoa majani mekundu na maua mwishoni mwa kiangazi. Kijana huwa anakuja na miezi hiyo kichwani na kudhani inatosha. Mzee haendi kwa mwezi. Anakwenda mtini jioni na kusikiliza. Nyuki wanapopunguza maji kwenye mbochi, yale majimaji matamu ya maua, kwa kupepea mbawa, mzinga unavuma kwa sauti ya chini mfululizo na harufu nzito ya asali inatoka mlangoni. Uvumo huo ukitulia na harufu ikipungua, maana yake masega yameanza kuzibwa kwa nta. Halafu anagonga mzinga kwa kifundo cha kidole, kuanzia upande wa mlango kwenda nyuma. Palipo patupu panalia wazi. Palipojaa panatoa sauti iliyokufa. Hili kijana hawezi kulipata kwa maelezo. Mpe mzinga mtupu augonge, kisha uliojaa, kisha afumbe macho na mzee amshike mkono, aseme mwenyewe ni wapi sauti inabadilika. Asubuhi moja ya kugonga mizinga namna hiyo inampa kijana kitu atakachobaki nacho maisha yake yote.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito, na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Shuleni tumezoeshwa kuuliza "kwa nini". Mzee akiulizwa na kijana "kwa nini unafanya hivyo?", mara nyingi anasikia kama anahojiwa, na jibu litakuwa "ndivyo tulivyokuta". Uliza hivi: "Babu, nisipofanya hivi nitaharibu nini?" Hapo utapata jibu kamili lenye mfano wake: kundi lililohama, asali iliyochacha, mti ulioungua. Na uliza baada ya kazi, si mkono wake ukiwa ndani ya mzinga. Usiku kambini, watu wakishakula, ndipo sababu zinapotoka. Ukitaka kumrekodi kwenye simu omba kwanza, mwambie sauti itakaa wapi na nani ataisikia, kisha mwekee aisikilize mwenyewe. Wengi wakisikia sauti yao wanaongeza waliyoyasahau.

Miiko isidharauliwe kabla haijaeleweka. Wazee wengi wanakataza kujipaka manukato au kuoga kwa sabuni ya harufu kali siku ya kurina. Kijana anaweza kuliona hilo jambo la kishirikina, lakini nyuki wa kwetu wanashtushwa na harufu ngeni, na jasho la mtu mwenye hofu nalo halisaidii. Ukiulizia mwiko unalinda nini, mara nyingi utakuta sababu ya wazi kabisa. Mingine utakuta haina, na hiyo pia usiibishie mbele za watu.

Moshi ni somo la siku nzima, na ndilo tunalolikazania kuliko yote, kwa sababu hapa mzee na kijana kila mmoja ana nusu. Kimila mzee anatumia mwenge wa magome au nyasi kavu, anapanda nao usiku. Mwenge unafanya kazi, ila unadondosha cheche. Nyuki wanaungua, asali inanuka moshi, na cheche ikianguka kwenye nyasi za Julai msitu unakwenda. Bomba la moshi la bati linapunguza sana tatizo la cheche, lakini kijana analijaza vibaya. Anatia chochote kinachowaka: mifuko, matambara yenye oili, makaratasi. Hapo mzee anachukua usukani. Anachagua mti uliooza ukakauka, unaovunjika kwa vidole, au kinyesi kikavu cha ng'ombe, au magunzi. Moto unawashwa chini, kuni laini zinafuata, juu kabisa yanawekwa majani mabichi kidogo ili moshi utoke mweupe na baridi. Kipimo ni kiganja: puliza moshi kwenye kiganja chako, ukikuunguza, utawaunguza nyuki. Pulizia mlangoni mara mbili au tatu, kisha subiri dakika moja au mbili bila kugusa kitu. Kusubiri huku vijana hawakupendi. Lakini ndani ya muda huo nyuki wanakimbilia kunywa asali wakidhani moto umekuja, na nyuki aliyeshiba hachomi kwa wepesi. Moshi pia unafunika ile harufu ya mwiba. Anayefungua mzinga papo hapo amepoteza faida zote mbili.

Mtu akichomwa, mwiba utolewe mara moja kwa ukucha, na pale ulipoingia papulizwe moshi. Akivimba uso au midomo, akianza kushindwa kupumua, kazi inasimama na anapelekwa hospitali bila kungoja dawa za kienyeji. Kabla ya kambi kuanza watu wakubaliane chombo cha usafiri kiko wapi na nani anajua njia. Hili lisiachiwe mzee wala kijana, liwe la kikundi.

Kwenye kukata masega, mzee wa mzinga wa gogo ana hekima ambayo vitabu vinaisema kwa mstari mmoja tu. Majana, yaani watoto wa nyuki, hukaa karibu na mlango. Asali huwekwa mbali na mlango. Kwa hiyo mzee anafungua nyuma, anakata kuelekea mbele, na anapokuta sega lenye vifuniko vya rangi ya kahawia, vilivyotuna kidogo, anasimama hapo hapo. Hayo ni majana. Sega la asali iliyoiva lina kifuniko cheupe au cha manjano mpauko, kimelala. Kanuni tunayowafundisha vijana ni kwamba sega lisilozibwa angalau robo tatu libaki. Na usimalize. Kundi lililoachwa bila chakula linahama, na mzinga mtupu unaingiwa na nondo wa nta ndani ya wiki chache.

Hapo hapo ndipo kijana anapomfundisha mzee, kwa sababu mazoea ya zamani ni kutia kila kitu kwenye ndoo moja: asali iliyoiva, mbichi, majana, chavua, yote yakakamuliwa pamoja. Maji ya majana yanaichachusha asali. Kwa hiyo tunapanda na ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya sega lililozibwa, moja ya mchanganyiko wa kuliwa kambini. Mzee akiona tofauti ya asali baada ya miezi miwili, ndoo moja imetulia na nyingine inatoa povu na kunuka pombe, hahitaji hotuba.

Kipimo cha maji kinafuata. Rifraktomita ni kifaa kidogo cha kuchungulia kwa jicho moja ukielekea mwanga. Unaweka tone moja au mawili ya asali kwenye kioo, unafunika bila kuacha viputo vya hewa, unasubiri nusu dakika, unasoma pale bluu inapokutana na nyeupe. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinataka maji yasizidi asilimia 20. Vijana wengi wanakosea mambo mawili: wanasoma kifaa kilicholala juani kwa hiyo kipimo kinapotoka, au wanajaribu kukirekebisha kwa maji. Rifraktomita ya asali hairekebishwi kwa maji, kwa sababu maji yako nje kabisa ya alama zake za kusomea. Hutumika yale mafuta maalumu yanayokuja na kifaa. Mpe mzee achungulie kabla hujamwambia namba. Kwanza aonje, aiache asali itiririke kutoka kwenye kijiti, aseme: imeiva au haijaiva. Kisha asome. Wazee wengi wanapatia kwenye asali iliyokauka vizuri na kwenye ile mbichi kabisa. Penye utata ni katikati, kwenye asilimia 19 hadi 22, hasa asali ya Novemba na Desemba hewa ikiwa na unyevu. Mzee akishajua kwamba kifaa kinamsaidia pale tu ambapo ulimi unasita, atakiomba mwenyewe.

Somo la mizani huwa linawauma wazee, na nalieleza taratibu kila mara. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina karibu kilo 28 za asali. Anayeuza ndoo kwa bei ya kilo 20 ametoa kilo nane bure kwa kila ndoo. Hakuna haja ya kulisema hili kwa maneno makali. Pima ndoo tupu, andika. Ijaze, pima tena, mwache mzee apige mwenyewe hesabu ya kutoa. Tunawasihi vijana wasimtajie mzee jumla ya hasara ya miaka yote. Haina msaada na inamdhalilisha mbele ya wajukuu. Waanze na ndoo iliyopo. Vyombo navyo viangaliwe: makopo na madumu yaliyokuwa na dawa za kunyunyizia tumbaku yasitumike kwa asali hata yakioshwa mara ngapi, na madebe ya bati yaachwe, kwa sababu asali ina tindikali inayokula bati na kuchukua kutu.

Kuna jambo moja ambalo pande hizi mbili hugombana kweli, nalo ni mizinga ya magome. Gome linabanduliwa wakati wa mvua, utomvu ukiwa unapanda na gome likiachia kirahisi, kwa kukata duara juu, duara chini na mstari mmoja wa kuunganisha. Mti unaobanduliwa kuzunguka shina lote unakufa, maana chakula kutoka majani kwenda mizizi kinapita kwenye gome. Kijana anasema huu ni uharibifu, na ana haki. Mzee anasema mzinga wa gome ni mwepesi, unabebeka begani hadi mbali, hauhitaji msumari, ndani kuna baridi na nyuki wanaupenda, naye hadanganyi. Tulichokubaliana vikundini ni kwamba mizinga ya magome iliyopo itumike hadi iishe, mipya isitengenezwe, na ujuzi wa mzee uhamie kwenye mzinga wa kisasa wa sanduku la mbao.

Ujuzi huo unahitajika sana, kwa sababu masanduku mengi yaliyogawiwa watu yamekaa matupu. Fundi seremala kijana anakata pau za juu, zile fito ambazo nyuki hujengea masega chini yake, kwa kukadiria. Kwa nyuki wetu upana wa pau uwe milimita 32. Ukiwa 40, nyuki wanajenga sega kwa kukatisha, limeshika pau mbili tatu, na ukivuta moja unapasua yote. Pau zikae zimegusana bila mwanya. Katikati ya kila pau unyooshwe mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa ili nyuki wajue pa kuanzia. Mbao ziwe zimekauka. Mbichi zinapinda na kufungua nyufa. Hayo ni ya fundi. Mzee anaongeza yake: sanduku lipakwe nta ndani, liinamishwe kidogo upande wa mlango ili maji ya mvua yatoke, litundikwe penye kivuli cha mchana, lisitazamane na upepo, na maji ya kunywa yasiwe mbali. Waya wa kutundikia upakwe grisi kuzuia sisimizi na siafu, na grisi hiyo ikaguliwe mara kwa mara, kwa sababu vumbi likishaifunika sisimizi wanatembea juu yake. Chini pafyekwe hadi udongo uonekane kabla ya moto wa kiangazi.

Sanduku linatundikwa kimo cha kiuno, na hili limefungua mlango kwa kinamama na mabinti, ambao zamani kazi ya kupanda miti usiku iliwaacha nje. Nyegere atasumbua zaidi kimo hicho, kwa hiyo waya uwe mrefu na sanduku lining'inie mbali na shina asipate pa kushika. Sega jipya ni laini. Pau ishikwe wima muda wote, isilazwe, na mchana wa jua kali isiguswe kabisa.

Nta wengi wanaitupa, na inaniuma. Funga masega yaliyokamuliwa kwenye gunia safi, weka jiwe juu, chemsha kwenye maji kwa moto mdogo. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo hakuna haja ya kuyachemsha maji kwa fujo. Usitumie chungu cha chuma, kinaitia weusi. Acha ipoe polepole usiku kucha, kisha kwangua uchafu ulioganda chini ya kipande. Kazi hii mpe kijana aifanye na bibi. Wanawake wa makamo ndio wenye mkono nayo.

Sasa malipo, maana hapa ndipo mafunzo mengi yanapofia. Kijana anayebeba ndoo msimu mzima kwa ahadi ya "utajifunza" ataondoka kwenda kuendesha bodaboda, na hakuna wa kumlaumu. Kabla ya kuingia porini waseme mbele ya mashahidi: kijana anapata mzinga wake mmoja wenye kundi, au sehemu ya asali inayotajwa kwa kilo, na mzee anapata nini kwa muda wake. Mzinga wenye kundi ni bora kuliko fedha. Mwenye mzinga anarudi kuuangalia, na akirudi anapita kwa mzee kuuliza.

La mwisho ni orodha ya mizinga. Mzee anaweza kuwa na makumi ya mizinga iliyosambaa msituni, na ni yeye peke yake anayejua miti yake. Akiugua au akifariki, familia inajua kuna mizinga, haijui iko wapi. Kwa hiyo kijana atembee na mzee njia yote, mzinga kwa mzinga, simu ikihifadhi mahali pa kila mti. Mtandao si lazima, setilaiti zinatosha, ila betri ya akiba ni lazima. Kwenye daftari aandike kwa kalamu: namba, alama ya mzee iliyochongwa kwenye mzinga, aina ya mti, jina la mahali kama mzee anavyopaita, kijito au kichuguu kilicho karibu, una kundi au hauna, tarehe na kilo za mwisho kurinwa. Mahali pawe na majina ya mzee mwenyewe, si namba za simu peke yake, kwa sababu simu hupotea. Nakala moja ikae kwa familia, nyingine kwa katibu wa kikundi. Na mzinga ukioza au ukihamishwa, mstari wake usifutwe. Ukatwe kwa kistari kimoja cha wino na tarehe iandikwe pembeni, maana mti uliowahi kukaliwa na nyuki ndio wa kwanza kutundikiwa mzinga mpya.